Aliyepo ni Wankyo

Mama yangu alimwambia nesi wa Musoma kwamba mwanangu amekufa. Alisema kwenye simu, bila kupandisha sauti, kisha akaendelea kupepeta mtama. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala hatua tatu kutoka pale, ndani ya chandarua, anapumua kwa shida yake ya kila siku. Alikuwa na miezi saba.

Sitaki mtu amchukie mama. Maneno yale niliyaanza mimi.

Naitwa Burito. Nina bucha Butiama na nachinja mwenyewe. Shule niliacha darasa la tano nikaenda kuchunga ng'ombe wa baba. Mke wangu Lilian ametoka Mugeta. Benedikta ni mtoto wetu wa nne na binti wa kwanza. Alizaliwa na kilo tatu, tukashukuru. Alipofika mwezi wa pili tukaanza kuona mambo. Akilia, midomo inageuka kama ya mtu aliyekula zambarau. Kucha vilevile. Akinyonya anachoka kabla hajashiba, jasho linamtoka kichwani kama analima. Zahanati walimtibu nimonia mara mbili. Mara ya tatu mganga akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akavua kile chombo masikioni, akasema, "Hii siyo nimonia. Wiki ijayo madaktari wa moyo wa watoto wanakuja Musoma kutoka Dar. Nendeni. Msikae."

Hatukukaa. Daktari aliyetupokea Musoma aliitwa Faustine, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpaka Benedikta mafuta kifuani, akampitishia kile kipimo cha eko kinachoonyesha moyo kwenye kioo. Alipomaliza akachukua karatasi akachora.

"Moyo una vyumba vinne," akaanza.

"Najua," nikamwambia. "Viwili vidogo juu, viwili chini. Cha chini kushoto ukuta wake mnene."

Akaniangalia. "Mzee umesomea nini?"

"Ng'ombe."

Lilian akanikanyaga mguu chini ya meza. Lakini ni kweli. Kila ng'ombe ninayemchinja, mkaguzi wa nyama anataka moyo upasuliwe aangalie kama kuna tegu. Nimepasua mioyo miaka ishirini na mbili. Naijua ndani.

Daktari akacheka kidogo. "Basi wewe utanielewa upesi. Ukuta kati ya vyumba vya chini una tundu. Njia ya kupeleka damu mapafuni imebana. Mshipa mkubwa wa mwili umekaa juu ya tundu, unakunywa damu safi na damu chafu pamoja. Na chumba cha chini upande wa kulia kimeota nyama kwa kusukuma kwa nguvu. Mambo manne kwa moyo mmoja. Ndiyo maana anakuwa wa bluu."

"Huo moyo ukubwa wake ni kiasi gani?"

"Kama ngumi yake."

Niliitazama ngumi ya Benedikta. Moyo wa mbuzi unajaa kiganja changu. Huu ungepotea kati ya vidole.

"Mtausimamisha?"

"Tutausimamisha. Mashine itazungusha damu saa kadhaa, sisi tunaziba tundu na kupanua njia. Kisha tunauamsha."

"Na usipoamka?"

"Mingi huamka."

"Sikuuliza mingi."

Akaweka kalamu chini. "Kuhusu wako siwezi kukuahidi, mzee. Asipopasuliwa, hapo naweza kukuahidi, na hutapenda kusikia."

Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Akatueleza kwamba madaktari wageni wanakuja Dar mwezi ujao kusaidiana na wa kwetu, na kutoka Mara watachukuliwa watoto sita. Benedikta ni mmoja. Kila kitu kimegharamiwa, kazi yetu ni kufika. Akamwonyesha Lilian la kufanya mtoto akigeuka rangi: mkunje miguu, magoti yafike kifuani, umshike hivyo hivyo mpaka damu irudi njia yake. Nesi anayeitwa Consolata, mama mnene mwenye sauti ya upole, akaandika jina: Benedikta Burito. Namba ya simu akaandika ya Lilian, kwa sababu yangu mara nyingi naizima nikiwa na damu mikononi.

"Simu iwe wazi muda wote," akasema. "Tukipiga ni kuja tu. Msije mkanifanya nimtafute mtu mpaka Mwigobero kwenye mitumbwi."

Tulirudi nyumbani tukiwa na tumaini, na tumaini lile ndilo lilitutesa. Kabla ya hapo tulikuwa tunangoja tu chochote kitakachokuja. Sasa tulikuwa tunahesabu siku. Na Benedikta akawa analia zaidi. Asubuhi akiamka analia, anageuka, Lilian anamkunja, anatulia, anasinzia, anaamka analia.

Mama yangu anakaa nyumba ya pili, uani kwetu. Akaja siku ya nne akasimama mlangoni.

"Huyu mtoto analilia jina," akasema.

Kwenye ukoo wetu hilo si jambo geni. Mtoto akilia bila kukoma, kuna mtu wa ukoo aliyekufa anataka jina lake lirudi. Anatafutwa ni nani. Akipatikana, mtoto anapewa lile jina, na jina la kwanza linaachwa kabisa. Mimi mwenyewe Burito ni jina la pili. La kwanza silijui mpaka leo, hakuna aliyewahi kunitajia.

"Mama, ana tundu kwenye moyo," nikamwambia. "Tumeonyeshwa."

"Tundu limetobolewa na nani?"

 Hilo daktari mwenyewe hakulijua, alisema inatokea tu.

Lilian hakutaka. Kwao Mugeta hawafanyagi hivyo, na alikuwa anangoja Pasaka mtoto abatizwe Benedikta, jina la bibi yake. Lakini alikuwa amechoka, hajalala vizuri tangu mwezi wa pili, na mtu aliyechoka hivyo hana nguvu ya kubishana na mama mkwe. Mimi ndiye ningesema hapana. Nilijiambia, dawa ya hospitali inakuja, na hii ya nyumbani haizuii ile. Nilitaka zote mbili. Ningepewa ya tatu ningeichukua.

Basi asubuhi mama akakaa kwenye kigoda, akampakata mtoto, akaanza kutaja wafu wa ukoo mmoja mmoja huku akimpaka maziwa mdomoni. Nyanya yangu. Hapana, mtoto analia. Shangazi mkubwa. Analia. Akafika kwenye majina ya zamani, na Benedikta akaanza kubadilika, midomo ikaenda rangi ile, mwili ukakakamaa. Lilian hakuvumilia. Akapitisha mikono, akamkunja mtoto magoti pale pale kwenye mapaja ya mama. Mama alikuwa amefumba macho. Akataja, "Wankyo." Huyo alikuwa dada yake baba, alikufa kabla sijazaliwa. Kidogo kidogo mtoto akatulia, midomo ikarudi, akalamba maziwa.

Mama akafumbua macho machozi yakimtoka. "Mmeona?"

Niliona. Niliona mikono ya Lilian. Lilian naye alijua nimeona. Tukaangaliana juu ya kichwa cha mama.

Ikabaki kazi ya baba. Baba ndiye anayesimama nje ya mlango na kutangaza, ili kinachomtafuta mtoto kisikie. Nikasimama, jirani wawili wanaangalia, mbuzi nimeshachinja, nikasema kwa sauti: "Benedikta amekufa. Aliyepo ni Wankyo." Na tangu hapo, mtu yeyote akimwulizia kwa jina la zamani, wa nyumbani anamjibu hivyo hivyo, amekufa, mpaka mtoto atembee. Ukikosea ukaitika, umemwonyesha yule anayemtafuta mahali alipo.

Mama akaichoma kadi ya kliniki. Wiki iliyofuata akampeleka Lilian zahanati, wakatengeneza kadi mpya na cheti cha kuzaliwa, ambacho tulikuwa hatujakichukua. Wankyo Burito. Nikafikiri siku ya kwenda Musoma nitaeleza tu. Mtu mzima na akili zangu.

Wiki tatu zikapita, simu haijalia. Siku moja ya Jumatano, saa tano asubuhi, nikiwa machinjioni, uvumilivu ukaniisha. Nikanawa mikono, nikampigia Consolata kwa namba iliyokuwa kwenye karatasi ya daktari.

"Sista, mimi baba yake Benedikta, wa Butiama. Nilikuwa nauliza, safari bado?"

Nikasikia akifunua karatasi. 

"Baba," akasema, "pole sana. Tulipiga Jumatatu. Mama mmoja akapokea, akatuambia... pole sana kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Wa mtoto, baba."

Nilielewa pale pale. 

"Hajafa," nikamwambia. "Sista, hajafa. Asubuhi nimemwacha ananyonya."

"Baba, nafasi yake tumempa mtoto mwingine. Gari linaondoka leo saa nane mchana kwenda uwanja wa ndege Mwanza."

Nilitoka vile nilivyo, na gamubuti. Nicolaus, jirani yangu wa duka la pembejeo, ana Probox. Nikamwambia washa gari, akaona uso wangu, hakuuliza. Nyumbani nikamkuta mama kwenye kigoda.

"Jumatatu ulipokea simu ya Lilian?"

"Lilian alikuwa mtoni. Ikalia, nikapokea."

"Ukasema nini?"

"Sauti nisiyoijua ilimtaja mtoto kwa jina lile. Ningesema nini? Nilisema ulichosema wewe."

"Hawakukwambia wanatoka wapi?"

"Walisema Musoma."

"Na ukawaambia amekufa."

"Kifo hakiwezi kutoka Musoma?" akauliza. Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kweli.

Lilian alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni. Alisikia yote. Hakupiga kelele. Alimshusha mtoto, akamfunga upya kwa mbele, akachukua begi lililokuwa limefungwa wiki tatu, akaingia kwenye gari. Mama naye akaingia. Nilitaka kumshusha nikaona tunapoteza muda.

Njiani Nicolaus alikuwa anatukana matuta kila tukiyaruka. Benedikta alibadilika mara mbili. Tulifika Musoma saa saba kasoro.

Uani mwa hospitali gari lilikuwa tayari, jeupe, milango wazi, wazazi wanapanga mabegi. Consolata alikuja mbio, akamwangalia mtoto, akashika mdomo. Kisha akaomba karatasi. Nikampa cheti na kadi. Akasoma, na uso ukabadilika.

"Baba, huyu ni Wankyo."

"Ndiye huyo huyo. Tulimbadilisha jina."

"Kwangu Benedikta amefariki, nimeandika kwa mkono wangu. Sasa unaniletea Wankyo mwenye cheti cha wiki mbili." Sauti ilikuwa ya upole bado, lakini amerudi hatua nyuma. "Baba, usinielewe vibaya. Watu wakikwama wanafanya mengi. Wa kwake amekufa, anamleta wa ndugu yake."

"Nimchukue wapi mwingine wa bluu?" nikamwuliza. "Wanauzwa?"

"Burito," Lilian akasema. Aliniita jina, jambo ambalo hafanyagi. 

Akaitwa daktari Faustine. Alinikumbuka. "Mzee wa ng'ombe," akasema, lakini hakutabasamu. Alisikiliza habari yote amesimama, mikono mifukoni. Mwisho akamwuliza mama, kwa heshima, "Bibi, mjukuu wako anaitwa nani?"

"Wankyo."

"Na Benedikta?"

Mama akatazama getini, akajifunika kitenge mdomoni. Lilian akamgeukia. "Mama, sema. Sema tu ni yeye."

"Nikisema anaondoka," mama akajibu. "Mnataka mimi ndiye nimtoe?"

"Ulishamtoa Jumatatu," Lilian akamwambia. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo na mama yangu, na sikumkataza.

Daktari akasema, "Bibi, acha. Mtoto mwenyewe atasema." Akamchukua Benedikta, akaingia naye kwenye chumba cha kipimo, sisi nyuma yake.

Alizifungua kwenye kompyuta picha za mwezi uliopita. Kisha akampaka mtoto mafuta, akaweka kipimo, akatafuta. Nusu ya kioo ilikuwa moyo wa siku ile, nusu ya pili moyo wa sasa unaruka. Alipima tundu. Akapima njia iliyobana. Kisha akaonyesha kwa kidole kamshipa kembamba kalikopita mbele mahali ambapo hakikutakiwa kupita kitu.

"Hiki niliandika mwezi uliopita kwa sababu kinatusumbua wakati wa kupasua," akasema. "Watoto wachache wanacho. Na huyu anacho, mahali pale pale." Akamgeukia Consolata. "Ni yeye. Futa ile taarifa."

"Ningekwambia," nikasema. "Mioyo haifanani." Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, kitu cha aibu. Nikafikiri yameisha.

Daktari hakuwa anacheka. Alibana kidole cha mtoto kwa kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu. Sitini na nane, na mtoto mzima hupita tisini na tano. Akakitoa, akakirudisha. Sitini na saba.

"Tatizo letu liko nje," akasema.

Nje, kwenye ngazi ya gari, alikaa mwanamume wa rika langu, shati la kanisani, miguu ya mkulima. Alikuwa ametoka Guta, kule Bunda, analima pamba, jina lake Eliasi. Mkewe Lucy alikuwa ndani ya gari, amempakata mtoto wa kiume wa miezi tisa, Alfonce. Walipigiwa Jumatatu jioni. Walikuwa wa saba kwenye orodha ya sita.

Daktari akaenda pembeni kupiga simu Dar. Tulimwona akitembea na kurudi, akiongea, akishika kichwa. Eliasi akaniangalia gamubuti.

"Wewe ndiye yule aliyefiwa?" akaniuliza.

"Sijafiwa."

"Sisi tulikuombea. Jumatatu ile ile, mimi na mke wangu, tulipiga magoti tukakuombea, maana tulijua tunapita kwa msiba wa mtu." Akatema mate pembeni. "Kumbe tulikuwa tunamwombea aliye hai."

"Ilikuwa makosa ya nyumbani kwangu."

"Basi yabaki nyumbani kwako, ndugu yangu. Mimi sikusema wa kwangu amekufa."

 Nikasema, "Nafasi ni ya mwanangu. Wako atashuka."

"Atashushwa na nani? Na wewe?"

Alikuwa amesimama. Mimi nina mwili, nabeba nusu ya ng'ombe begani peke yangu, na yeye alikuwa mdogo kwangu, lakini hakurudi nyuma hata unyayo. Nicolaus akaingia kati akisema jamani, jamani, wazee wazima mbele ya watoto wagonjwa. Ndani ya gari Lucy alikuwa amemkumbatia mtoto wake na kutazama mbele, kama asipotugeukia hatupo.

Daktari akarudi. "Vitanda vya uangalizi ni sita," akasema. "Nimeomba cha saba, hakipo. Mtoto akipasuliwa hana kitanda na mashine, nimemuua mwenyewe." Akamwomba Lucy kidole cha Alfonce. Themanini na moja. Alikirudia mara tatu, nadhani alitaka kibadilike.

"Eliasi," akasema, "mwanao anaumwa ugonjwa mmoja na huyu. Lakini wa kwako anaweza kungoja. Huyu hawezi."

"Mpaka lini?"

"Timu nyingine inakuja baada ya miezi minne. Yeye atakuwa wa kwanza, naandika sasa hivi, unaona."

"Na akifa ndani ya hiyo miezi minne?"

Daktari alifunika kalamu yake. "Utakuwa na haki ya kunilaumu," akasema.

"Haki," Eliasi akarudia neno lile, kama anaonja kitu kilichochacha.

Hakugomba zaidi. Alipanda garini, akachukua begi lao, akamshika mkewe mkono. Lucy alishuka taratibu, mtoto amelala begani, kofia ya sufu imemwangukia jichoni. Alipompita Lilian alisimama. Nilidhani atamtukana. Alisema, "Mama, kiti cha dirishani jua linachoma. Kaa huku ndani." Kisha akaenda.

Consolata akaanza kusoma orodha kwa mara ya mwisho, ndivyo wanavyofanya kabla ya safari. Mtoto wa Tarime, yupo. Wa Serengeti, yupo. "Benedikta Burito." Mama yangu aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akageukia ukuta.

"Yupo," Lilian akasema kwa sauti kubwa. Kisha akaniangalia. "Baba Benedikta, nipe begi."

Nikampa. Nafasi ilikuwa ya mzazi mmoja. Gari likatoka.

Nilimwambia Eliasi kwamba tuna gari, tuwapeleke mpaka Guta. Akaniambia ana miguu, na stendi anaijua.

Walimpasua Jumatatu. Lilian alinipigia asubuhi wakimwingiza, na akanipigia tena saa kumi na moja jioni. Katikati hapo nilichinja ng'ombe wawili. Wa pili, mkaguzi aliponiambia pasua moyo, nikampa kisu apasue mwenyewe. Akaniuliza kulikoni, nikatoka nje.

"Umeamka," Lilian akasema. "Moyo umeamka. Lakini kifua hawajakifunga."

"Hawajakifunga vipi?"

"Moyo umevimba, wakifunga unabanwa. Wamefunika kwa kitu kama plastiki. Baba Benedikta, unaonekana. Ukisimama pale unauona unapiga."

Kazi yangu nimeizoea, sikwepi damu. Lakini usiku na mchana wa siku tatu zilizofuata kila nilipofumba macho niliona kifua cha mwanangu kiko wazi na watu wanapita. Mama alikuwa hali chakula. Hakunilaumu na hakuomba msamaha. Aliniuliza jambo moja tu, jioni ya pili: "Wanamwita nani huko?"

"Benedikta," nikamjibu. "Limeandikwa kwenye kitambaa cha mkononi. Wanamwita hivyo kutwa, manesi wote."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani akafunga mlango. Nilikaa nje ya mlango ule. Sikuwa na hasira naye tena, nilikuwa naogopa kama yeye. Alhamisi wakamfunga kifua. Jumamosi wakamtoa mashine ya kupumua. Lilian akasema midomo ni ya pinki, hajui aiseme rangi ile vingine, alikuwa hajawahi kuiona kwake. Akasema pia kwamba bado kuna homa na daktari hajasema lolote la kurudi nyumbani.

Jumapili nilichukua maini na nyama ya paja, nikaenda Guta. Sijui nilienda kutafuta nini. Niliuliza nyumba ya Eliasi wa pamba nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa nje kwenye gogo, ananoa jembe. Hakusimama.

"Wako?" akauliza.

"Anapumua mwenyewe tangu jana. Ana homa."

Akaitikia kwa kichwa. Aliendelea kunoa.

"Wa kwako?"

"Tunamkunja," akasema. "Juzi mara tatu. Jana mara tano. Leo sijahesabu."

Nikaweka nyama juu ya jiwe, mbali na mbwa. Hakuiangalia. Nilitaka kumwambia kwamba ningekuwa mimi, ningekuwa nimeshamrukia mtu aliyenifanyia hivi. Nilitaka kumwambia Nicolaus amekubali Probox ikae Bunda siku yoyote watakayoihitaji. Hilo la pili nililisema. Akajibu, "Miezi minne ni mingi kwa Probox."

"Daktari alisema anaweza kungoja."

"Alisema." Akapima makali ya jembe kwa kidole gumba. "Kaa basi. Umesimama kama mdai."

Nikakaa upande wa pili wa gogo. Tulikaa hivyo tukitazama pamba yake, ambayo ilikuwa haijapaliliwa, na ilionekana haitapaliliwa. Ndani ya nyumba mtoto alianza kulia. Tulisikia Lucy akimbembeleza, kisha akinyamaza ghafla, na kilio cha mtoto kikawa chembamba, kikakatika.

Eliasi aliacha jembe likaanguka. Tulifika mlangoni pamoja. Lucy alikuwa amemkunja Alfonce magoti kifuani, na midomo ya mtoto ilikuwa bado haijarudi rangi.